Hivi hii ni ya ngapi? Jinsi ya kukusanya na kuandika historia ya mbio za kila mwaka za mtaani kwenu

Kila mwaka ni yale yale. Zimebaki wiki tatu, fulana zinatakiwa ziende kuchapwa, mtu anauliza kwenye grupu la kamati "jamani hivi hii ni ya ngapi?" afu yanakuja majibu matatu, mmoja anasema ya 18, mwingine ya 20, na mzee mmoja ambaye huwa hachangii kitu anaibuka huko anasema wote mmekosea, mi nilikuwepo ile ya kwanza. Mwisho wa siku fulana inachapwa mwaka tu bila namba. Kama umechoka na hali hiyo na umejikuta we ndo umepewa kazi ya "kuandika kahistoria kidogo", basi soma hapa, na kitu cha kwanza nachokwambia usilidharau hilo swali. Ukiweza kulijibu kwa ushahidi, historia karibu yote utakuwa umeshaikamata, maana ili ujue ni ya ngapi lazima ujue ilianza lini, miaka gani ilirukwa, na nani aliamua kipi kinahesabika na kipi hakihesabiki.

Na wala sio nyie peke yenu. Boston Marathon ilianza 1897. Mwaka 1918, vita kuu ya kwanza inaendelea, hawakukimbia marathoni ya kawaida, walifanya mbio za kupokezana za timu za wanajeshi, lakini kwenye hesabu yao mwaka huo umo. 2020 korona, kila mtu akakimbia kivyake huko aliko na kutuma muda wake, nayo wakaihesabu, ndo maana ile ya Oktoba 2021 ikaitwa ya 125. Sa waangalie New York: wameanza 1970, 2012 ikafutwa sababu ya kimbunga Sandy, 2020 ikafutwa sababu ya korona, na zote mbili hawakuzihesabu, kwa hiyo ya 2021 ikawa ya 50 wakati ukihesabu miaka yenyewe kwa vidole unapata 52. Hakuna aliyekosea hapo. Kila mmoja ana sheria yake na anaifuata. Nyie tatizo lenu ni kwamba hamna sheria, kila mwenyekiti anakuja na hesabu zake.

Kwa hiyo kabla hujagusa hata picha moja, kaa na kamati muamue: mwaka uliofutwa unahesabika? mwaka ambao watu walikimbia nusu mvua ikaharibu kila kitu? ule wa kukimbia kila mtu kwake? Andikeni sentensi mbili, muweke tarehe, basi. Na kuna mtego mwingine ambao umewanasa wengi, mbio za kumi na miaka kumi ya mbio ni vitu viwili tofauti. Kama mmeanza 1990 na hamjaruka mwaka, mbio za kumi ni za 1999, miaka kumi mnatimiza 2000. Nimeshaona bango limeandikwa yote mawili kwa pamoja, na aliyegundua ni mtoto wa shule.

Baada ya hapo tengeneza jedwali. Usianze kuandika, tengeneza jedwali kwanza, na hapa nakazia maana mimi nilianza kuandika, nikaandika kurasa sita nzuri kweli, afu nikazitupa. Mstari mmoja kwa kila mwaka kuanzia wa kwanza mpaka wa sasa hata kama hujui chochote kuhusu mwaka huo, uache wazi. Juu uweke tarehe kamili, pa kuanzia na pa kumalizia, umbali, waliojiandikisha, walioanza, waliomaliza, mshindi wa kiume na muda wake, mshindi wa kike na muda wake, mdhamini, na mwisho kabisa safu ambayo wengi wanaisahau nayo ndo muhimu kuliko zote: umepata wapi. Yaani kila namba iwe na kwao. Gazeti la tarehe fulani, daftari la fulani ukurasa fulani, mahojiano na mzee fulani. Miezi sita mbele mtu akikubishia hutaanza kujikuna kichwa.

Kwa nini nimetenganisha waliojiandikisha, walioanza na waliomaliza? Kwa sababu kila mtu anaitaja ile namba inayompendeza. Comrades ya Afrika Kusini, mbio za barabarani ndefu kuliko marathoni, ile ya kwanza ya Mei 1921, waliojiandikisha ni 48, walioanza 34, waliomaliza 16. Mbio ile ile moja, namba tatu, zote za kweli. New York ya 1970 walianza 127 wakamaliza 55. Ukikuta karatasi ya zamani imeandikwa "washiriki 200" bila maelezo, usiipeleke kwenye safu yoyote mpaka ujue ni 200 wa namna gani, mara nyingi ni idadi ya namba za kifuani zilizochapwa na sio ya watu kabisa.

Sasa jedwali likishakuwepo utaona mashimo. Mashimo ndo ramani yako ya kazi. Na shimo lenyewe wakati mwingine ndo habari, mimi nilihangaika wiki mbili kumtafuta mshindi wa mwaka mmoja, nikapiga simu weee, kumbe mwaka ule mbio hazikukimbiwa kabisa, barabara ilikuwa imechimbwa na waandaaji wakaona aibu kutangaza. Comrades haikukimbiwa kuanzia 1941 hadi 1945 sababu ya vita ya pili, hiyo inajulikana na dunia nzima, lakini mashimo ya mbio ndogo hayana mtu wa kuyatangaza, utayagundua mwenyewe.

Vitu vya kutafuta, na sivipangi kwa umuhimu. Magazeti ya siku ya pili baada ya mbio na ya wiki inayofuata, nenda maktaba ulizia nakala za zamani, anza na kurasa za michezo lakini usiishie hapo, mbio za mtaani mara nyingi zinatokea kwenye habari za mji maana siku hiyo barabara zilifungwa na watu wakalalamika. Vibali. Hiki watu hawakifikirii, lakini kufunga barabara lazima mtu aliandika barua polisi au halmashauri, na barua ya kibali ina tarehe, ina njia mtaa kwa mtaa, ina saa ya kuanza na jina la mwombaji, yaani karatasi moja inakujazia safu nne. Stakabadhi za benki na risiti za medali. Daftari la mhazini, huyu ndo mtu wa kumfuata kabla ya mwenyekiti, mwenyekiti ana stori, mhazini ana makaratasi. Kama mbio zilikuwa na tovuti ikafa, jaribu kuitafuta kwenye Wayback Machine ya Internet Archive, ina kurasa zilizohifadhiwa tangu 1996, unaweka tu anuani ya zamani na unachagua mwaka, na ukiwa na bahati utakuta mpaka matokeo yote ya waliomaliza. Watu waliopiga muda nao wanaweza kuwa na mafaili, waulize mapema sababu hizi kampuni hufungwa au hubadilisha kompyuta.

Fulana, medali na namba za kifuani piga picha zote, mbele na nyuma. Nyuma ya fulana ndo kuna wadhamini. Ila usiiamini fulana kwenye tarehe! Fulana huchapwa mapema, mbio zikisogezwa mbele wiki mbili fulana inabaki na uongo wake milele. Hivyo hivyo programu zilizochapwa kabla, zinakwambia kilichopangwa kutokea, hazikwambii kilichotokea.

Afu kuna watu, na hapa ndo utamu ulipo kwa hiyo nitakaa kidogo.

Usimuulize mtu "ilikuwa mwaka gani?" Binadamu hakumbuki miaka, anakumbuka maisha yake. Muulize ulikuwa umeshaoa? mtoto wako wa kwanza alikuwa anatembea? ulikuwa unafanya kazi wapi? Akikwambia nilikimbia huku mke wangu ana mimba ya yule wa pili, wewe unatafuta mtoto wa pili kazaliwa lini, umeshapata mwaka. Nenda na picha. Picha moja ya watu wamejipanga pa kuanzia itakupa majina kumi ambayo maswali ishirini yasingekupa, na mwachie aishike mkononi kabisa, asiangalie kwenye simu yako. Nenda na ramani tupu na kalamu, mwambie nichoree mlipita wapi. Mikono inakumbuka kona ambazo mdomo umesahau. Mwombe ruhusa ya kurekodi kabla hujabonyeza, na akikataa andika kwa mkono, usijifanye mjanja.

Na usiwafuate washindi tu, washindi wameona mgongo wa pikipiki iliyowaongoza, basi. Mtafute aliyekuwa anaendesha hiyo pikipiki. Watafute waliokaa meza ya maji, waliosimama kwenye kona wakizuia magari, aliyeandika matokeo kwa mkono akiwa amelowa, na aliyemaliza wa mwisho. Huyo wa mwisho mara nyingi ana stori kuliko watu wote sababu aliwaona wakikunja mahema. Watu wawili waliokuwa kamati moja wahoji kila mmoja peke yake kwanza, baadae uwakutanishe, ukiwakutanisha mwanzoni mwenye sauti kubwa ndo atakuwa kaandika historia yako.

Watakapopingana, na watapingana, usichague upande kwa sababu mmoja ni rafiki yako. Angalia karatasi. Karatasi hakuna? Andika zote mbili, useme fulani anakumbuka hivi na mwenzake hivi. Msomaji sio mtoto.

Tuje kwenye muda na umbali, eneo lenye ugomvi kuliko yote, maana hapa ndo kuna "rekodi ya mbio" na kila mtaa una mtu anayejiita mwenye rekodi. Swali lako la kwanza liwe: ni njia ile ile? Ile Boston ya 1897 John McDermott alishinda kwa 2:55:10, lakini hakukimbia kilomita 42, njia ilikuwa kama kilomita 39 tu. Hiyo 42.195 ilitokana na Olimpiki ya London ya 1908 na ikapitishwa kuwa kipimo rasmi 1921, kwa hiyo kulinganisha mshindi wa 1897 na wa leo ni kulinganisha mbio mbili tofauti zenye jina moja. Hata baada ya hapo mambo hayakunyooka, njia ya Boston ya miaka ya 1951 hadi 1956 ilikuja kugundulika ni fupi baada ya matengenezo ya barabara kunyoosha kona, na Antti Viskari wa Finland alikuwa ameshinda 1956 kwa 2:14:14, muda wa kutisha kwa wakati ule. Yeye hakuiba chochote, barabara ndo ilipungua.

Usidhani ni mambo ya zamani. Marathoni ya Manchester, Uingereza, ya 2013, 2014 na 2015 ilikuwa na upungufu wa mita 380, watu kwa maelfu wakaambiwa muda wao hautambuliki. Brighton, huko huko Uingereza, 2021 ikawa kinyume, ilizidi mita 568, fikiria umeshakata pumzi afu kuna nusu kilomita ya nyongeza. Kama hao wakubwa wanakosea, basi kilomita 10 zenu zilizopimwa na kilomita za gari la mwenyekiti zitakuwaje.

Kwa wanaojua kazi, njia hupimwa kwa baiskeli yenye kifaa kidogo kwenye gurudumu la mbele kinachohesabu mizunguko, kinaitwa Jones Counter, kilianza miaka ya 1970 mwanzoni. Baiskeli yenyewe kwanza inasawazishwa kwenye kipande kilichopimwa kwa futi ya chuma, maana upepo wa tairi na joto la siku vinabadilisha hesabu, afu anayepima anafuata mstari mfupi kuliko wote ambao mkimbiaji anaweza kupita, sentimita 30 kutoka ukingo wa barabara kwenye kona, na mwisho wanaongeza mita 1 kwa kila kilomita ili njia isije ikawa fupi. Sasa we ukikuta cheti cha kupimwa namna hiyo kwenye makabrasha, kibusu na ukiskani. Ukikosa, andika "umbali uliotangazwa" na sio "umbali". Saa ya mtu ya mkononi yenye GPS ikisema kilomita 9.7 sio ushahidi wa kumvua mtu rekodi, zile saa zinayumba kwenye majengo marefu na miti, ila watu ishirini wakisema 9.7 mwaka mmoja, weka alama.

Suluhisho langu ni rahisi: kila njia iwe na rekodi yake. Rekodi ya njia ya daraja la zamani, rekodi ya njia mpya, kila mtu anaondoka na heshima yake. Na kwenye muda uandike ulipigwaje. Muda wa bastola unaanza bastola ikilia hata kama we uko nyuma kabisa umebanwa, muda wa chipu, kale kakifaa anakovaa mkimbiaji kanakorekodi muda wake, unaanza ukivuka mstari. Boston walianza chipu 1996. Kama mbio zenu zilibadilika kutoka saa ya mkononi kwenda chipu, tia mstari mwekundu kwenye jedwali mwaka huo, kwa sababu ukiona ghafla wakimbiaji wa kati wamekuwa na kasi zaidi huenda miguu ni ile ile, saa ndo imebadilika.

Kitu kingine ni wale ambao matokeo hayawaonyeshi. Orodha ya washindi peke yake itakudanganya. Bobbi Gibb alimaliza Boston 1966 kwa 3:21:40 baada ya kujificha vichakani karibu na pa kuanzia, ila kwenye matokeo ya siku hiyo hayumo maana wanawake hawakuruhusiwa. Mwaka uliofuata Kathrine Switzer akakimbia na namba 261, alijiandikisha kama K. V. Switzer, na ofisa mmoja akamvamia njiani kutaka kumng'oa namba. Wanawake waliruhusiwa rasmi 1972, na Gibb alikuja kutambuliwa 1996, miaka 30 baadae. Comrades, Robert Mtshali alikimbia 1935 akiwa mtu mweusi wa kwanza anayejulikana kuimaliza, kama saa 9 na nusu hivi, hakupewa matokeo rasmi, mbio zilifunguliwa rasmi kwa wanawake na watu wa rangi zote 1975. Leo kuna medali yenye jina lake kwa wanaomaliza kati ya saa 9 na 10, na ya Bill Rowan, mshindi wa 1921, kwa wanaomaliza chini ya saa 9 ambao ndo muda aliotumia yeye kushinda, 8:59. Hii ya medali naipenda sana, historia imewekwa mahali ambapo mkimbiaji anaikimbilia. Igeni.

Kwa hiyo kwenu uliza: mwanamke wa kwanza kumaliza ni nani, na je alipewa namba? Wenye viti vya magurudumu walianza mwaka gani, na waliwekewa muda au waliachwa wapite tu kama maonyesho? Bob Hall aliahidiwa na waandaaji wa Boston 1975 kwamba akimaliza chini ya saa 3 atapewa cheti kama wengine, akamaliza kwa 2:58. Utashangaa mashujaa wa namna hiyo wako mtaani kwenu na hakuna aliyewahi kuwauliza.

Za wizi nazo zipo. Rosie Ruiz alivaa taji la Boston 1980, kumbe hakukimbia njia yote, siku nane baadae akavuliwa, mshindi halali akawa Jacqueline Gareau wa Canada. Hiyo ilichunguzwa na uamuzi ukatangazwa, kwa hiyo unaweza kuiandika. Lakini kama kwenu ni maneno tu kwamba fulani alipanda bodaboda katikati, hakuna uamuzi wa kamati, hakuna karatasi, acha jina la mtu. Andika kwamba matokeo ya mwaka huo yalilalamikiwa, inatosha. Vifo na ajali ongea na familia kwanza, hilo halina mjadala.

Ukishafika hapo kuandika kwenyewe ni kazi ya wiki mbili. Usianze na "mbio hizi zilianzishwa mwaka fulani kwa madhumuni ya", watu wanalala. Anza na siku moja. Tuseme ungekuwa unaandika Boston 1988: Ibrahim Hussein wa Kenya na Juma Ikangaa wa Tanzania, kilomita 42 zimekwisha, 2:08:43 kwa 2:08:44. Sekunde moja. Kwenye jedwali hiyo ni mistari miwili ya namba, lakini Hussein ndo akawa Mwafrika wa kwanza kushinda Boston, na Ikangaa akawa wa pili tena 1989 na tena 1990. Nani hataki kusoma hapo? Nyie mna sekunde moja yenu mahali fulani, itafute.

Kwenye mpangilio, usigawe kwa miaka kumi kumi, miaka kumi haina maana yoyote. Gawa kwa mabadiliko ya njia au ya mdhamini, sababu hapo ndo kila kitu kilibadilika, njia ilihamishwa kwa sababu mji ulikua, au barabara ikawa ya njia nne na polisi wakakataa, au mdhamini mpya alitaka pa kumalizia pawe mbele ya jengo lake. Andika na pesa. Kiingilio kilikuwa kiasi gani, nani alilipia maji, mwaka gani mlibaki na deni. New York ya kwanza kiingilio kilikuwa dola 1, hako ka-dola kanaeleza ile mbio kuliko aya nzima. Mdhamini wa sasa atataka historia ianze na yeye, mpe ukurasa wake, usimpe mwanzo.

Ukimaliza mpe asome mtu mmoja anayeipenda mbio na mmoja aliyegombana na kamati akaondoka. Huyu wa pili atakusahihishia mengi kwa furaha kabisa.

Kuhifadhi sina mengi: skani karatasi kwa ubora wa 300 dpi (nukta 300 kwa inchi), faili lianze na mwaka mbele ili zijipange zenyewe, nakala tatu kwa watu watatu wa nyumba tofauti, na karatasi halisi rudisha kwa wenyewe. Neno la siri la folda lisikae na mtu mmoja. Nimeona historia ya miaka 15 ikipotea kwa sababu katibu alibadilisha simu.

Na siku ya mbio za mwaka huu nenda na begi. Chukua fulana moja ambayo haijavaliwa, namba moja iliyobaki, medali, ramani iliyobandikwa kwenye hema, nakala ya kibali, na usiku huo huo mwombe mpiga muda faili ghafi la matokeo kabla hajalisafisha, pamoja na wale walioanza wasimalize, maana kesho yake hao ndo huwa wa kwanza kufutwa.